Kofia ya Bosi

Jumapili, 9 Juni

Dada yangu mpenzi,

Nisamehe kwa kuchelewa hivi kukuandikia. Kifurushi chako kilifika tangu mwezi uliopita, na kila nikiamka nasema leo, halafu leo yenyewe inaishia kwenye nepi. Nikishika kalamu, Bosi anaamka. Nikimbembeleza Bosi, nalala mimi, kichwa mezani kama mlevi. Hilo doa hapo juu ni maziwa, usiulize ya nani.

Najua utasema kwa nini nisipige simu. Nikikupigia uko kazini, cherehani zinanguruma nyuma yako na wewe unapayuka kama mtu wa mnada, na mtoto akishtuka hapo hakuna usingizi tena mpaka kesho. Halafu kuna mambo napenda kuyapanga kwenye karatasi, polepole, bila kukatizwa.

Jambo lenyewe ni hili: ninakuja. Ndiyo, mimi, niliyekukatalia kila ulipoomba. Baba Bosi ana magari mawili yamelala gereji yakimsubiri, hawezi kuondoka, kwa hiyo tunakuja mimi na Bosi tu. Siku tatu, haziongezeki. Usije ukanianzia hapo kituoni kwamba siku tatu ni matusi. Sijawahi kuiona bahari, sijawahi kuuona huo mji wenu wa kale ambao watu wanavuka nchi nzima kuja kuupiga picha, basi acha niuonje tu, nikiupenda nitarudi.

Nijibu haya. Ngazi za kwako zina kitu cha kushika? Ulisema ni za mbao na zimesimama wima kama za kupandia darini. Vichochoro vyenu, mtu mwenye mtoto mgongoni na mkoba mkononi anapita, au lazima apite kiubavu? Chumba chako kina upepo? Na kitu kingine kidogo tu, ile hospitali kubwa ya watoto, iko mbali na kwako? Naulizia tu. Ukisafiri na mtoto mchanga lazima ujue.

Asante sana kwa nguo. Kofia ya Bosi ni nzuri mno, ila inamshukia mpaka puani. Ukimvalisha anabaki mdomo tu, na huo mdomo unavyoujua. Gauni langu nalo limenizidi. Mabega yameshuka. Nadhani nimekonda, kunyonyesha si mchezo.

Msalimie yule jirani yako wa dirisha kwa dirisha.

Mdogo wako

*

(Ukurasa huu niliutoa kwenye bahasha kabla sijaifunga.)

Dada, kichwa cha mwanangu kimeacha kukua.

Ulipoomba vipimo mwezi wa nne, nilimpima mwenyewe, kwa mikono yangu, amelala. Sentimita arobaini na tatu. Nikakuandikia. Mwezi uliopita nikampeleka kliniki, kuna nesi mgeni, yeye anapima watoto kichwa, yule wa zamani alikuwa anapima uzito tu. Akazungusha futi yake, akasema arobaini na mbili, anakua vizuri, mwenzako aje.

Nikatoka nje nikakaa kwenye benchi. Arobaini na mbili, baada ya arobaini na tatu. Sikurudi kumuuliza. Nilijua nikirudi atapima tena, ataita daktari, na watu wote kwenye foleni watanyoosha shingo. Wiki ile ile kofia yako ikaja, nikamvalisha, ikamfunika macho.

Tangu siku hiyo sijampima tena. Futi nimeifungia sandukuni na ufunguo nimeuweka juu ya kabati, nisije nikajaribiwa. Nikimnyonyesha mkono wangu unakwenda wenyewe kichwani kwake, unapapasa. Baba Bosi hajui. Akirudi gereji anamnyanyua na kumwambia, shikamoo Bosi, leo umefukuza wafanyakazi wangapi. Nitamwambiaje?

Nakuja kumwonyesha kwa madaktari wa huko. Mji nitauona siku nyingine. Nitakueleza tukionana, kwa sababu nikiliandika linakuwa kweli.

*

Jumapili, 16 Juni

Mdogo wangu, mama Bosi, mheshimiwa wa siku tatu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, halafu nikamsomea jirani kupitia dirishani, naye akapiga makofi. Karibuni sana. Siku tatu nimezipokea, kwa sababu nakujua, nikibisha zitakuwa mbili.

Ngazi zina kamba. Ni kamba nene kama ya meli, imefungwa juu na chini, unaishika kwa mkono mmoja na mtoto unaye mgongoni, miguu unaiweka kiubavu. Wiki ya kwanza niliteremka kwa makalio, sasa napanda na jora la kitambaa begani. Chumba kina madirisha mawili, ukifungua yote upepo unapita unabeba hadi karatasi za mitindo, nimezilaza chini ya mkasi. Kuta ni nene, mtu akilia ndani hasikiki nje, kwa hiyo Bosi anaruhusiwa kutoa amri zake muda wowote. Vichochoro vinapitika. Pale kwenye kona ya duka la vitabu ndipo watu wawili hawapishani, mmoja anarudi nyuma, na kawaida anayerudi nyuma ni yule mwenye haya. Wewe usirudi.

Nimeshakupangia. Siku ya kwanza unalala tu, mtoto nipe mimi. Siku ya pili asubuhi, kabla ya jua, ngome. Chini hapa kuna kijana wa kutembeza wageni, anatusubiri. Anasema uongo mtamu sana. Mwaka jana mizinga ya ngome ilikuwa kumi na miwili, mwaka huu imefika ishirini, na ukimuuliza anasema mingine ilikuwa imefichwa. Jioni tunakwenda kukaa kwenye ukuta wa bandari ya zamani, miguu inaning'inia. Siku ya tatu sokoni, halafu basi lako.

Sasa tuongee kama ndugu. Gauni. Umeniumiza roho, nakwambia ukweli. Nimeshonea watu wa kila umbo, na hakuna aliyewahi kunirudishia neno. Unasema umekonda. Sawa, mtu anakonda kiuno, anakonda mashavu, anakonda hata vidole. Bega ni mfupa, mama. Bega halikondi. Vaa lile gauni, simama mbele ya kioo, uniambie limezidi wapi na limezidi kiasi gani. Mwezi wa nne ulijipima umevaa sweta?

Na la pili, ambalo limenikosesha raha. Unakuja bila mumeo. Siku tatu tu. Unaulizia hospitali halafu unasema naulizia tu. Mimi ndiye niliyekulea, hiyo naulizia tu yako naijua. Shemeji amekufanya nini? Amekunyanyua mkono? Kama amekugusa, usiniandikie tena, panda basi uje, na huyo fundi magari nitakwenda kumfungua boliti moja moja.

Hospitali iko upande wa pili wa bandari, mwendo wa kutembea. Haya, niambie.

Dada yako

*

Ijumaa, 21 Juni

Dada,

Baba Bosi usimguse wala usimseme. Hajaninyanyulia mkono, hata sauti hajui kuinyanyua. Jana amerudi na grisi mpaka masikioni, akafua nepi zote, akazianika mstari mmoja kama anapanga spana. Nepi zina alama za vidole vyeusi lakini nimenyamaza, nimezipokea hivyo hivyo. Ukimkosea adabu sitakuja.

Lakini hujakosea kwamba kuna jambo. Nimejaribu kukuandikia upya, nimeshindwa, kwa hiyo nimeweka humu ukurasa niliouandika siku ile ile na kuutoa. Usome ukiwa umekaa. Usimsomee jirani.

Umeshausoma? Basi sasa unaelewa kwa nini sitaki ngome. Siku ya kwanza sitalala, nitakwenda moja kwa moja hospitali. Nataka uniulizie wanaanza saa ngapi kupokea watoto, na kama lazima niwe na barua ya daktari wa huku. Ikiwezekana siku ya pili nirudi kuchukua majibu, na siku ya tatu niondoke. Huyo kijana wa mizinga mwambie asinisubiri. Na usinililie mbele ya mtoto. Nitalia mimi, wewe ushike mkoba.

Umeuliza gauni. Nimelivaa kwa ajili yako tu, kwa sababu sina hamu ya kujitazama. Limezidi kila mahali kiasi kile kile. Begani, upana wa vidole viwili. Kiunoni vidole viwili. Mkono unashuka vidole viwili kupita kifundo. Sikuvaa sweta. Nilipima vizuri, kwa futi ya Mama, ile ya njano, niliyoikuta kwenye sanduku lake tulipogawana vitu. Kofia nayo ni hivyo hivyo, vidole viwili vinaingia katikati ya kitambaa na kichwa chake. Nimeviingiza mara nyingi.

Baba Bosi nitamwambia nikirudi. Acha kwanza mmoja wetu alale.

Mdogo wako

*

Jumatatu, 24 Juni

Mdogo wangu,

Nimekupigia tangu nilipofungua bahasha, simu umeizima kama kawaida yako mtoto akilala. Ya shemeji inaita tu, bila shaka iko mfukoni mwa koti na koti liko msumarini. Kwa hiyo naandika haraka, dereva wa basi ananisubiri mlangoni, na nimemuapia kwamba asipokufikishia leo leo sitamshonea suruali tena maisha yake yote.

Kaa chini. Bosi mzima.

Futi ya Mama ile ya njano haina mwanzo. Sentimita tatu za kwanza hazipo. Ziliungua. Umeme ulikatika, Mama alikuwa na gauni la mwalimu mkuu la kumaliza siku hiyo, akawasha pasi ya mkaa, kaa likadondoka kwenye ncha ya futi. Mimi nilifikiri ataitupa. Mama na kutupa kitu? Akaikata pale ilipoungua, akaipinda na kuishonea kipande cha kitambaa cha bluu, akaendelea na kazi. Tangu siku hiyo alikuwa akipima mtu anaita namba vile vile inavyosomeka, na mimi niliyekuwa naandika natoa tatu kimya kimya kabla kalamu haijagusa karatasi. Wateja hawakujua. Wewe ulikuwa chini ya meza unakula vifungo. Ulipokua ukasema ushonaji si wako, ukaenda zako duka la vifaa vya ujenzi, na sisi hatukuwa na sababu ya kukueleza mambo ya futi. Mimi nilidhani imeshapotea. Ningejua iko kwako, ningetoa tatu hata usingizini.

Sikia. Vidole viwili begani, vidole viwili kiunoni, vidole viwili mkononi. Mtu akikonda hakondi hivyo, mdogo wangu, sawasawa mpaka kwenye mfupa. Nilipofika kwenye mstari wa futi ya njano nilitupa barua juu nikapiga kelele, fundi mwenzangu akajichoma sindano. Kichwa cha Bosi mwezi wa nne kilikuwa arobaini, si arobaini na tatu. Nesi amesema arobaini na mbili. Toka arobaini kwenda arobaini na mbili, hiyo inaitwa kukua. Na kofia niliiongezea nafasi ya kukulia, kwa hiyo ilikuwa kubwa mara mbili, kwa kosa na kwa mapenzi.

Sasa panda juu ya kabati, chukua ufunguo, fungua sanduku. Namba ya kwanza utakayoiona baada ya kile kitambaa cha bluu si moja, ni nne. Mpime mtoto, utoe tatu. Kisha mrudishe kwa yule nesi, umwambie yote uliyomficha, akuhakikishie yeye. Mimi ni fundi wa nguo, si daktari, sitaki uniamini peke yangu. Akisema bado mje hospitali ya huku, nitakuwa mlangoni kabla hawajafungua. Akisema mtoto mzima, utapanda ngome.

Dereva anapiga honi.

Dada yako

*

Jumapili, 30 Juni

Dada yangu,

Ile simu ya Jumatatu jioni, uliyopokea ukasikia mtu anakoroma na kupiga chafya halafu ikakatika, ilikuwa mimi. Hukukosea kusema mtandao mbovu, ila mtandao wenyewe ulikuwa pua yangu. Nilitaka kusema asante, sauti ikakataa kutoka. Ndiyo maana naandika tena.

Barua yako aliileta dereva mwenyewe, akagonga mlango kama askari, akasema ameambiwa asiondoke mpaka aone nimeisoma. Nimeisoma amesimama pale. Nilipofika kwenye Bosi mzima nikamshika mkono, masikini, sijui alifikiri nini. Nikapanda kwenye kiti, nikachukua ufunguo. Futi ilikuwa chini kabisa, nilikuwa nimeifukia kwenye mashuka. Nikaikunjua ncha. Kitambaa cha bluu, mishono midogo midogo ya Mama, halafu nne.

Nimeitumia ile futi, Dada, nimeishika na vidole hivi, na sikuwahi kuangalia inaanzia wapi. Nani anaangalia mwanzo wa futi? Unaangalia pale inapokutana.

Nilimpima Bosi. Alikuwa macho, akaikamata na kuitia mdomoni, ikabidi tugombane. Arobaini na sita. Nikatoa tatu kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Arobaini na tatu. Nikampima tena, na tena, mpaka akakasirika, na mimi nikakaa sakafuni naye mapajani nikicheka na machozi yanaingia mdomoni. Baba Bosi akatukuta hivyo. Nikamweleza yote, kuanzia benchi la kliniki. Akaenda kunawa, akarudi, akaweka kiganja chake chote juu ya kichwa cha mtoto, akakiacha hapo.

"Umelibeba jambo hili peke yako muda wote huu," akaniambia. "Usinifanyie hivyo tena."

Nikasema sitafanya. Nikamwambia na yeye asinitundikie tena simu kwenye msumari. Tumekubaliana.

Kesho yake tulikwenda kliniki wote watatu, gereji ikasubiri. Nilimweleza nesi mbele ya foleni nzima, na kweli walinyoosha shingo, na sikujali. Akampima kwa futi yake, akamwangalia macho, akamgusa utosi, akamkalisha. Akasema mtoto huyu hana tatizo hata chembe, tatizo ni mama yake halali. Akaniagiza nikalale, kwa sauti ile ile anayowaambia watu wakanywe dawa. Mama mmoja kwenye foleni akaniuliza kama na yeye akague futi yake ya nyumbani. Nikamwambia akague.

Nimelala, Dada. Siku mbili Baba Bosi amenifungia mlango na kumzungusha Bosi mtaani, na nimelala mpaka mto ukaniachia mistari shavuni. Nilipoamka nikakuta nasikia njaa, na mara ya kwanza tangu mwezi uliopita mkono wangu haukukimbilia kichwani kwake. Ulikwenda kwenye vidole vya miguu. Nilikuwa nimevisahau. Vimenona.

Basi safari sasa ni safari. Tunakuja Ijumaa ya tarehe kumi na mbili, basi la asubuhi. Ni siku tatu bado, usinitazame hivyo, magari ya gereji yakiisha tutarudi na Baba Bosi kwa wiki nzima. Ngome nitapanda. Huyo kijana mwambie aandae mizinga yake yote hata iliyofichwa, nimefurahi vya kutosha, nitaamini. Kwenye ukuta wa bandari nitakaa lakini miguu yangu haitaning'inia, na mtoto haupandi, hilo halina mjadala. Na ile siku ya kwanza uliyonipangia kulala naidai. Utamchukua wewe, utampandisha na kumshusha ile kamba yako ya meli, na ukichoka utajua kwa nini sikukuandikia mapema.

Gauni usilipunguze. Nimeanza kula, litanikuta njiani. Kofia pia iache ilivyo. Jana tumemvalisha akaisukuma nyuma kwa mkono wake mwenyewe, akatutazama kama ametoka dirishani.

Futi ya Mama nakuja nayo. Nimeikunja ndani ya leso. Nataka unipime nayo mara moja, uite namba kwa sauti kama alivyokuwa anaita, na mimi niwe natoa tatu.

Kabla ya hapo, nitumie hivi na dereva yule yule, na usisahau hata kimoja:

Ramani ya kutoka kituoni mpaka mlangoni kwako, uichore mwenyewe, uweke na ile kona ya duka la vitabu.

Ufunguo wa mlango wa chini, kwa kuwa basi linafika wewe ukiwa kwenye mashine na hutasikia nikigonga.

Utepe mwembamba wa kufungia kofia chini ya kidevu, upepo wenu nimeusikia.

Kitambaa laini cha kumbebea, chepesi, kisichochuja rangi. Changu kimezoea baridi ya huku.

Sindano na uzi mweusi, Baba Bosi amepasua suruali akipanda juu ya kabati kurudisha ufunguo, ingawa hakuna aliyemtuma.

Na futi mpya, Dada, ya kwangu mwenyewe, inayoanzia moja.

Mdogo wako